Kumkabidhi Mtoto Si Kumtupa: Somo Katika Mlango wa Laqiti



Katika darsa yetu tulifika kwenye mlango wa laqiti, yaani mtoto mchanga aliyeokotwa asiyejulikana mamake wala babake. Mlango huu ni mfupi katika vitabu vyetu. Matini ya Abu Shujaa, ambayo watoto wetu huisoma tangu wangali wadogo, yaupitia kwa maneno machache tu, na walimu wengi huupita mbio ili wafike kwenye nikahi na talaka, ambako ndiko kwenye masuali ya watu. Nasi tulitaka kuupita vivyo hivyo. Lakini kijana mmoja aliinua mkono akauliza: "Huyu aliyemtupa mtoto ni nani, na kwa nini hapana mtu aliyesema naye kabla hajamtupa?"

Suali hilo lilitunyamazisha. Fiqhi yatufundisha la kufanya baada ya mtoto kupatikana, na huyu kijana auliza la kufanya kabla. Baadhi ya wazee wetu walitusihi tusiliandike jambo hili, wakisema kwamba karatasi zetu huingia majumbani na husomwa na wasichana. Twawaheshimu wazee wetu, lakini hiyo ndiyo sababu khasa iliyotufanya tuandike.

Kwanza tuitaje hukumu, maana ndiyo msingi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kumchukua mtoto aliyetupwa, kumlea na kumtunza ni faradhi ya kutosheleza: akisimama mmoja, waliobaki wameokoka, wakimwacha wote mpaka akafa, mji mzima umeingia katika dhambi. Mwenye kumwokota amshuhudishe mbele ya watu, ili asije akadaiwa kuwa ni mtumwa wala nasaba yake isipotezwe. Akikutwa na mali, basi atalishwa kwayo; akiwa hana, chakula chake ni juu ya Baitul Mali. Mambo haya si ya vitabuni tu. Katika zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab mtu mmoja wa Bani Sulaym, jina lake Abu Jamila, alimwokota mtoto akamleta. Umar kwanza alimshuku, hata mkubwa wa watu wake alipomshuhudilia kuwa ni mtu mwema, Umar akamwachia mtoto amlee, akahukumu kwamba mtoto yu huru na kwamba matumizi yake yatatoka katika hazina ya Waislamu. Msomaji atazame vizuri: Umar hakumuuliza mtoto amezaliwa kwa njia gani.

Na hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Sisi huanza kwa suali lile ambalo Umar hakuliuliza. Mtoto akiokotwa jaani au ufuoni, midomo hutangulia mikono. Aitwa jina baya kabla hajapewa jina zuri. Kurani yatufundisha kwamba hapana nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine, nasi twaisoma aya hiyo katika khitima, kisha twatoka nje na kumtwika kichanga wa siku moja mzigo wa watu wawili wazima. Yule mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akakiri kosa lake, alirudishwa mpaka azae. Na alipozaa alirudishwa mpaka amwachishe mtoto ziwa. Haki ya mtoto ilitangulizwa mbele ya hukumu iliyokuwa imekwisha thibiti. Je, sisi tumeitanguliza wapi?

Basi turejee kwenye suali la kijana wetu. Jambo hili limekwisha fikiriwa katika nchi nyingine, na yafaa tujue walilolifanya, tuchukue lililo jema na tuache lisilotufaa.

Huko Marekani, katika jimbo la Texas, watoto wachanga 13 walitupwa katika mji wa Houston na pambizo zake kwa muda wa miezi kumi tu, kati ya mwaka 1998 na 1999, na baadhi yao walikutwa wamekwisha kufa. Watu walishtuka. Mwaka 1999 Baraza la jimbo hilo likapitisha sheria ya kwamba mzazi asiyeweza kumlea mtoto wake mchanga aweza kumpeleka hospitali au kituo cha wazima moto na kumkabidhi mkononi mwa mtu, naye awe na kinga asitiwe hatiani kwa kumwacha, maadamu mtoto hakudhuriwa. Watu wakaipa sheria hiyo jina la "Mtoto Musa". Nasi tulipolisoma jina hilo tulitabasamu, kwani kisa hicho ni chetu pia. Mamake Nabii Musa, amani imshukie, hakumtupa mwanawe mtoni. Alimtia katika kisanduku kwa amri ya Mola wake, akamtuma dadake amfuate kwa macho ukingoni, na Mwenyezi Mungu akamrudisha mtoto kifuani pa mamake. Kati ya kutupa na kukabidhi pana jicho linalofuata.

Baada ya Texas majimbo mengine yakafuata moja baada ya moja, hata kufikia mwaka 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo. La mwisho lilikuwa Nebraska, nalo lilipatwa na kisa cha kuzingatiwa. Walioandika sheria yao hawakutaja umri. Wakasema "mtoto" tu. Iliposhika nguvu mwezi wa Julai mwaka 2008, wazazi wakaanza kuleta watoto wakubwa, wengi wao wa umri wa kubaleghe, wengine kutoka majimbo ya mbali. Kwa miezi michache waliletwa zaidi ya 30, na hapana hata mmoja aliyekuwa mchanga. Mwezi wa Novemba Baraza likakutana kwa haraka, likaweka mpaka wa siku 30. Wengi waliwacheka. Sisi hatukuona la kucheka, kwani wazazi wale walikuwa wamechoka na hawakuwa na pa kwenda, na ule mlango ndio wa kwanza waliouona umefunguliwa.

Ama jimbo la California, ambako sheria hii ilianza kutumika mwaka 2001, utaratibu wao ni huu. Mtoto awe hajapita saa 72 tangu kuzaliwa, na awe hakuteswa. Hupokewa hospitalini katika chumba cha dharura, au mahali pengine palipotengwa na wenye mamlaka, kama vile baadhi ya vituo vya wazima moto. Mama haulizwi jina. Hupewa karatasi ya masuali juu ya maradhi ya ukoo, ajibu akitaka, ili daktari wa mtoto asitibu gizani. Kisha mtoto hufungwa mguuni utepe wenye nambari, na mama hupewa utepe wa pili wenye nambari ile ile. Akijuta katika siku 14 aweza kurudi na kumtaka mwanawe. Utepe huo ndio uliotukumbusha dadake Musa. Waliotunga kanuni hii walijua kwamba uamuzi wa usiku wa uchungu si lazima uwe uamuzi wa asubuhi.

Lakini sheria iliyo kabatini haimwokoi mtu. Msichana aliyeificha mimba yake kwa miezi tisa huwa ameificha kwa watu wote, na mara nyingi hata kwa nafsi yake mwenyewe. Hujiambia kila asubuhi kwamba si kweli. Uchungu humjia usiku, chooni, akiwa peke yake, na mdomo ameuziba asilie. Saa hiyo hasomi gazeti wala hamuulizi mtu njia. Atafanya lile analolijua tangu zamani, na kama hajui ila hofu, atafanya lile aamriwalo na hofu. Bango lililo ukutani mwa hospitali humfaa aliyefika hospitali. Kwa hiyo maarifa haya yapasa yamfikie kabla, mchana, akiwa na utulivu, pamoja na wenziwe, hata asiweze mtu kusema kwamba yeye ndiye aliyekusudiwa.

Hii ndiyo sababu California waliingiza jambo hili katika masomo. Sheria ya elimu ya afya ya vijana, iliyoanza kufanya kazi mwezi wa Januari mwaka 2016, yazilazimisha skuli za serikali kuwafundisha wanafunzi, angalau mara moja katika skuli ya kati na mara moja katika skuli ya juu. Na ndani ya somo hilo yamo maelezo ya sheria ya kumkabidhi mtoto asiyepita saa 72. Twaonya kwamba katika somo lao yamo mengine ambayo sisi hatuyakubali wala hatuyahitaji. Mwenye kununua samaki sokoni halazimiki kununua na kapu.

Je, imefaa? Watu wa afya wa serikali ya Marekani walitazama hesabu ya watoto wanaouawa siku ile ile waliyozaliwa. Walipoilinganisha miaka ya 1989 hadi 1998, kabla ya sheria hizi, na miaka ya 2008 hadi 2017, walikuta kwamba kiwango cha mauaji hayo kimepungua kwa asilimia 66.7, yaani theluthi mbili. Hatusemi kwamba yote hayo ni kwa sababu ya sheria, kwani mambo mengi hubadilika katika miaka ishirini. Lakini mwenye kusema kwamba haikufaa kitu ndiye mwenye kudaiwa ushahidi.

Na asije mtu akatwambia kwamba hii ni desturi ya makafiri, haituhusu. Katika Karachi, nchi ya Pakistani, Mwislamu mmoja aitwaye Abdul Sattar Edhi, aliyefariki mwaka 2016, aliweka susu nje ya vituo vyake vya sadaka, akawaandikia watu wasiue bali wamwache mtoto hapo. Susu hizo hazina mlinzi wa kuuliza jina. Yeye na mkewe, Bibi Bilquis, aliyefariki mwaka 2022, walipokea maelfu ya watoto kwa njia hiyo. Baadhi ya watu wa dini walimlaumu kwamba anaipa nguvu zina, naye hakuacha.

Lawama hiyo hiyo ndiyo tutakayoisikia hapa petu, basi na tuijibu mapema. Watasema: kuwafundisha wasichana jambo hili ni kuwafungulia mlango. Sisi twauliza: mtoto wa madrasa hasomi hedhi na nifasi? Hasomi josho la janaba na linalolazimisha? Husoma waziwazi akiwa na miaka kumi, na mwalimu wake mzee huku akimsikiliza, wala hapana mzazi aliyepata kusema kwamba mlango wa tohara umemfundisha mwanawe uchafu. Na huu mlango wa laqiti umo vitabuni kwa karne nyingi. Waliouandika walijua kwamba zina ni haramu, na walijua pia kwamba watoto wataokotwa. Walituandikia yote mawili, wala hawakuona kwamba moja lavunja jingine. Hakuna msichana atakayechukua mimba ili apate kuitumia kanuni ya saa 72.

Tena tuseme la haki. Lawama hii humwangukia msichana peke yake, na mwanamume hatajwi. Yuko wapi? Pengine ni mwalimu, pengine ni jirani, pengine ni jamaa wa nyumba ile ile aliyeaminiwa. Kwa sheria ya Kenya ya makosa ya ngono, ya mwaka 2006, msichana asiyefika miaka 18 hawezi kuhesabiwa kuwa aliridhia. Aliyemwingilia ndiye mkosa. Basi wengi wa hawa tunaowaita waovu ni watoto waliodhulumiwa, na sisi twawadhulumu mara ya pili.

Hata hivyo pana jambo moja katika kanuni za Marekani ambalo Mwislamu yapasa alitazame kwa hadhari, nalo ni nasaba. Mtoto asiyejua mamake hajui nani dadake wala nani haramu kwake kumwoa. Kurani imekataza mtoto aitwe kwa jina la mtu asiyekuwa babake. Na kwa madhehebu yetu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa nasaba yake ni ya mamake, humrithi naye humrithi. Akipotezwa mama, amepotezewa kila kitu. Wajerumani wameliona hili. Tangu mwezi wa Mei mwaka 2014 wana kanuni ya kuzaa kwa siri: mama huzalishwa hospitalini kwa jina la kupanga, na jina lake la kweli hutiwa katika bahasha inayofungwa na kuhifadhiwa na serikali, na mtoto akifika miaka 16 aweza kuomba aione. Mama amesitirika, na mtoto hakukatwa mzizi. Faida nyingine ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba mama mwenyewe amezaa mbele ya mkunga. Kanuni ya kumkabidhi mtoto baada ya kuzaliwa haimsaidii msichana anayetokwa na damu peke yake chooni, na wako wanaokufa hivyo. Lau tungeulizwa ipi twaipenda, tungesema hii ya Wajerumani.

Sasa tuje kwetu, na hapa twawaomba wasomaji wasome polepole, wasije wakachukua maneno ya nchi nyingine wakayafanya ya hapa. Kenya haina sheria ya namna ya Texas wala California. Kumtupa mtoto ni kosa, na kuificha maiti ya mtoto aliyezaliwa ni kosa. Mwanamke aliyemuua mwanawe asiyetimiza mwaka, hali akili yake haijatulia kwa sababu ya kuzaa, ana kifungu chake, cha 210, katika kanuni ya makosa ya jinai, kinachomfanya asihukumiwe kama muuaji mwingine. Lakini mahakamani ataingia. Basi mwalimu asimwambie msichana wa Mombasa au Malindi au Lamu kwamba akimwacha mtoto mlangoni pa hospitali hataulizwa. Atakuwa amemdanganya.

Lakini yako ya kumfundisha, tena ni mengi kuliko tunavyodhani. Afundishwe kwamba nambari 116 ya simu ya watoto hupigwa bure katika Kenya nzima. Afundishwe kwamba katika kila kaunti yuko afisa wa watoto wa serikali, na kwamba kwenda kwake kabla ya kuzaa na kusema "siwezi kumlea" si kosa. Kutupa ndiko kosa. Kwamba hapana mtu awezaye kumharakisha atie saini ya kumtoa mtoto alelewe na wengine, kwani sheria haikubali mipango hiyo ianze kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Kwamba Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitaja kafaala kwa jina lake, yaani Mwislamu kumchukua na kumlea mtoto asiye na mlezi kwa mujibu wa Sharia yetu, bila ya kumbadilishia nasaba. Wangapi katika sisi walijua kwamba neno hilo la fiqhi limo katika sheria ya nchi? Na afundishwe kwamba skuli haikumfunga. Taratibu za serikali, zilizotolewa upya mwaka 2020, zamruhusu arudi kusoma baada ya kuzaa. Mengi ya mauaji haya hutokana na msichana kuamini kwamba maisha yake yamekwisha, na hapana aliyemwambia kwamba hayakwisha.

Nani atafundisha? Twaona kwamba madrasa zetu ndizo zenye kustahili zaidi, maana mlango wa laqiti umo katika matini zao tayari. Mwalimu wa kike awasomeshe wasichana, nusu saa yatosha, aanze na Abu Jamila na Umar na amalizie na nambari 116. Katika skuli, mwalimu wa dini na muuguzi wa kituo cha afya wanaweza kukaa pamoja kwa kipindi kimoja. Na wavulana wasiachwe nje wakicheza mpira. Nao wasome somo lile lile, kwa maneno yale yale.

Tulikuwa tumekwisha kuandika hapa, akaja mama mmoja na karatasi iliyokunjwa, haina jina. Auliza: ajua kwamba binti wa jirani yake ni mja mzito, nyumba yake nzima yanyamaza, na mwenyewe hutoka na buibui hata kwenda kuteka maji uani. Je, anyamaze, kwa kuwa tumeamrishwa kusitiriana, au aseme?

Mama, jawabu letu ni hili. Kumsitiri Mwislamu ni kuuzuia ulimi usimtangaze, wala si kuuzuia mguu usiende kwake. Usiseme na mtu wa tatu. Nenda wewe mwenyewe, wakati ambao wanaume hawapo, usiende na mwenzio, wala usianze kwa kuuliza ni mimba ya nani. Mwambie mamake kwamba wajua, na kwamba umekuja kusaidia. Waambie waende kliniki wiki hii, wasingoje. Waeleze kwamba mtoto ni mjukuu wao, nasaba yake ni ya binti yao, na kwamba bibi mzaa mama ndiye mwenye haki ya mbele kumlea mamake akishindwa. Wakisema hawawezi, wapeleke kwa afisa wa watoto kabla ya siku ya uchungu. Ukiona kwamba binti ni mdogo, au wakuogopesha na kukufukuza, nawe wahofia roho mbili, basi piga 116 bila ya kumtaka mtu ruhusa. Huko si kumfedhehi mtu. Na ukipenda, njoo tena siku ya darsa ya wanawake, ukae nyuma; hapana atakayekuuliza kwa nini umekuja.

Waliotuuliza juu ya mtoto wa kafaala akibaleghe, na kama kumnyonyesha humfanya kuwa maharimu wa nyumba, tutawajibu katika toleo lijalo, tukifika mlango wa kunyonyesha, inshaallah.